Mayai ya Kasa Tuliyoyageuza

Tarehe tisa ya mwezi wa pili mwaka huu tulimpoteza Ramazani wa Wamaza. Alikuwa mwenzangu wa kazi kwa miaka ishirini na mitatu, mbali na huku kwetu, kule mto unapoingia baharini. Habari ilinikuta sokoni Kasongo, nanunua chumvi. Nilirudi nyumbani bila chumvi.

Kesho yake nilipata pikipiki iliyokuwa inapeleka mizigo Salamabila, na dereva akakubali kuniacha Wamaza. Nilifika jioni, matope mpaka kwenye kofia. Walikuwa wamekwisha kumzika, kama desturi ya Waislamu ilivyo, kwa hiyo uso wake sikuuona.

Usiniulize nililia au sikulia. Nitakueleza jambo lingine, ambalo ni baya kuliko kulia. Vijana wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, na mmoja wao, mpwa wake, akaniuliza mbele ya watu wote: "Papa Kalonda, ni weye mwenye ulisema ukweli mbele ya yule mama wa bahari? Mzee alikuwa anatuelezea kila mwaka."

Wote wakanitazama kwa heshima. Mimi nikanywa chai.

Si mimi niliyesema ukweli siku ile. Ni Ramazani. Yeye ndiye aliyeisambaza hadithi kwa kunipa mimi sifa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake, yeye amelala kaburini, na bado sifa nikaipokea. Niliporudi Kasongo nilinunua kaye, daftari la watoto wa shule, nikaanza kuandika, ili siku ya arobaini nisimame mbele ya watu wale na maneno yasinikimbie. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Nikiandika vibaya, nisameheni, nikidanganya, msinisamehe.

Nyinyi vijana wa Kasongo na Kabambare, wengi wenu hamjaona bahari. Mimi pia sikuwa nimeiona mpaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Maji haya ya Lualaba mnayoogea yanazunguka nchi nzima, yanabadilishwa jina, yanafika kule. Pale mto unakuwa mpana hata ng'ambo huioni. Maji ya kahawia yanasukumana na maji ya chumvi, na ukingoni kunasimama miti inayoitwa mikoko, mizizi yake nje, kama watu waliopandisha suruali wavuke matope. Samaki wanazaa humo, na ufukweni kasa wanapanda kutaga. Kasa ni kobe wa baharini, mkubwa, wengine hawawezi kubebwa na watu wanne. Serikali imekataza kukata miti ile na kuwinda humo. Sisi tulikuwa walinzi.

Tulifikaje? Ramazani alimfuata mjomba wake. Mimi nilifuata kazi ya bandari nikaikosa, na nikaona aibu kurudi nyumbani. Siku ya kwanza nilimsikia mtu anamtukana kaa wa mikokoni kwa Kiswahili, nikajua nimepata ndugu.

"Weye ni mutu wa wapi?" nilimwuliza.

"Wamaza, Kabambare. Na weye?"

"Kasongo."

"Aa. Basi kupika utapika weye. Watu wa Kasongo munajua kula, lazima mujue na kupika."

Tangu siku ile alinitania mpaka tulipostaafu, na mimi nilimwambia kila siku kwamba Mubangubangu, mtu wa kabila lake, akiona maji mengi anatafuta mlima. Mtu akiwa mbali na kwao anahitaji mwenzake wa kumtukana vizuri.

Mkubwa wetu aliitwa Tata Mavungu, mzaliwa wa pwani ile, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani. Kiswahili hakujua hata neno. Mimi nilikuwa nimejifunza Lingala njiani, Ramazani bado. Alikuwa anaielewa zaidi ya kuisema, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake. Kumbukeni hilo, maana kosa langu limejificha humo.

Wiki ya kwanza Tata Mavungu alitutuma kufunga mtumbwi. Mimi ni mtoto wa Lualaba, nani atanifundisha kufunga mtumbwi? Niliufunga kwenye mzizi wa mkoko, kamba fupi, fundo zuri, kama nilivyofundishwa na baba. Kwetu mto unajaa wakati wa mvua, unapungua kiangazi, na mtumbwi ukiufunga leo utaukuta kesho vile vile. Tukaenda kupika. Tuliporudi maji yalikuwa yameondoka. Mtumbwi ulikuwa unaning'inia kwa pua, mkia chini, kama mbuzi anayechunwa, na kasia zimelala kwenye tope. Tata Mavungu alikuja, akautazama, akavua kofia kuusalimu.

"Maji ya huku yanakwenda kazini mara mbili kwa siku," alisema, "na mara mbili yanarudi nyumbani. Mwachie kamba ndefu mtu mwenye safari nyingi."

Hakunifokea. Ningependa mjue hilo kuhusu yeye. Alitufundisha kutembea kwenye tope la mikoko bila buti, maana buti linabaki na mguu unatoka. Kukanyaga juu ya mizizi karibu na shina. Kunyamaza mtumbwini na kusikiliza pumzi ya nguva, mnyama mkubwa anayekula majani majini, ambaye utamsikia mara mia kabla ya kumwona mara moja. Na alituvua filimbi shingoni. Zamani walinzi walipiga filimbi na kukimbiza watu. "Filimbi inamfukuza mtu leo," alisema. "Kesho yuko pale pale, na sasa anakuchukia." Yeye alikwenda kwenye vijiji mikono mitupu, anakaa, anakula walichopika, anauliza habari za watoto.

Ndivyo alivyompata Mama Nsimba.

Mama Nsimba alikuwa mkubwa wa wanawake wa kijiji kimoja cha ufukweni. Tangu usichana alichimba mayai ya kasa, kula na kuuza. Alijua kasa atapanda wapi kabla kasa mwenyewe hajaamua. Kwa miaka mitatu Tata Mavungu alikaa naye, akimwomba awaachie kasa mayai yao. Kwa miaka mitatu mama alimjibu kwamba hajawahi kuona faida ya yai lililoachwa mchangani. Mwishoni alikubali jambo moja. Atatoa kiota kimoja, mayai mia na kumi na mawili, aliyahesabu mwenyewe. Akiona kwa macho yake watoto wanatoka na kwenda majini, atasema na wanawake wenzake, na watayalinda mayai ya ufuko wote. Asipoona, kila mtu atarudi kuchimba, na mlinzi asikanyage tena pale.

Basi mnaelewa uzito wa mayai yale.

Kiota kilikuwa mahali ambapo mawimbi yangekifikia, kwa hiyo ilibidi kukihamisha asubuhi ile ile mayai yalipokwisha kutagwa. Tata Mavungu aliyabeba mwenyewe kwenye ndoo yenye mchanga, anatembea kama mtu aliyebeba uji umejaa pomoni. Aliyafukia karibu na nyumba yetu, kina cha mkono mpaka begani, akazungushia uzio wa miti. Kisha akapata habari kwamba baba yake ni mgonjwa, akaondoka. Akatuachia ulinzi sisi wawili.

"Kaa, mbwa na watoto," alisema. "Walindeni wasiingie."

Hakusema tusiingie sisi. Alidhani hakuna haja.

Kwetu, nyinyi mnajua, kuku anayeatamia anayageuza mayai yake kwa mdomo. Asipoyageuza yanakuwa viza. Na kuku akifa kabla ya kutotoa, mama yangu hakuacha mayai yaoze. Aliyapanga kwenye kapu lenye maganda ya mpunga karibu na mafiga, na asubuhi na jioni akayageuza kwa mkono, mpaka vifaranga vikatoka. Si vyote, lakini vilitoka. Mimi mwenyewe nilipewa kazi ile nikiwa mdogo, na niliiweza.

Siku ya tatu nilikaa kwenye uzio nikatazama mchanga.

"Mama yao iko wapi?" nilimwuliza Ramazani.

"Alirudi ndani ya maji. Hata kuaga hakuaga."

"Sasa nani anayageuza?"

Ramazani alifikiri. Mama yake alikuwa na kuku wengi kuliko mama yangu. "Kweli," alisema. "Ile mayai ni yatima."

Hapo ndipo tulipoharibu. Kila asubuhi tulichimba polepole kwa mikono, tukayageuza yote mia na kumi na mawili, tukayafukia. Mayai ya kasa ni meupe na ya mviringo kabisa, huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa hiyo nilichukua mkaa nikachora msalaba juu ya kila yai. Siku ya pili Ramazani aliponiona alishika kiuno.

"Umeyabatiza yote?"

"Ni alama tu, ndugu."

"Na wale wa kwangu wataswali wapi?" Akachukua mkaa, akafuta misalaba kwenye nusu ya mayai, akachora mwezi mwandamo. Tukaendelea hivyo, yeye anageuza Waislamu, mimi Wakristo, na kila mmoja akijisifu kwamba wake ni wazito zaidi. Nawaambia ukweli, sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Tulichelewa chakula kwa ajili ya mayai yale.

Wiki ya saba Mama Nsimba alianza kuja. Alikuja na kigoda na ukili wa kusuka mkeka, akakaa nje ya uzio, macho kwenye mchanga. Mkeka ulikuwa mrefu kidogo kila siku. Siku ya sitini ilipita. Siku ya sitini na tano. Alisuka, na jua likiwa kali alikunja mkeka na kwenda.

Tata Mavungu alirudi siku ya sabini, mapema, kabla ya mama kufika. Alihesabu siku kwa vidole, akapiga magoti, akachimba. Harufu ilitangulia. Akatoa yai moja lenye msalaba. Akatoa lingine lenye mwezi. Akayatazama, akatutazama sisi, Mkristo na Mwislamu, tumesimama pamoja.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Nilimweleza yote: kuku, kapu, maganda ya mpunga. Nilieleza kwa fahari kidogo, nikidhani kwamba labda hatukugeuza vya kutosha. Yeye alikaa chini mchangani kama mtu aliyevunjika mguu. Alipotueleza ndipo nilipojua. Mtoto wa kasa anajishika juu, kwenye paa la yai, kuanzia siku ya kwanza. Ukimgeuza anazama ndani ya nyumba yake. Kama mtakumbuka jambo moja la kazi katika maneno haya yote, likumbukeni hili: ujuzi ulioupata kwa mnyama mmoja, muulize mwenyeji kabla ya kumpelekea mnyama mwingine.

Tata Mavungu alisema kwamba wakati mwingine kiota kinakufa chenyewe, kwa maji au kwa joto, na Mama Nsimba analijua hilo. Hakutuambia tudanganye. Hakutuambia tusidanganye. Alikuwa amechoka, na miaka mitatu ilikuwa pale mbele yake inanuka.

Mama akaja na kigoda chake. Aliona shimo, aliona sura zetu, hakukaa. Tata Mavungu alifungua mdomo, lakini Ramazani akatangulia. Alisema kwa Kiswahili, akiniangalia mimi ili nitafsiri.

"Mwambie ni siye. Tuliyageuza kila siku. Ile mayai ilikufa kwa mikono yetu."

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikukisema Wamaza. Niligeuka kwa mama, na kwa Lingala safi nikasema: "Mwenzangu anasema tunasikitika sana. Mayai yamekufa."

Ilikuwa rahisi. Hakuna aliyenisukuma. Niliona ufuko umepotea, kazi imepotea, na mdomo wangu ukachagua njia ya karibu.

Ramazani hakuwa na Lingala ya kuongea, lakini ya kusikia alikuwa nayo. Akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Si ile nilisema, Kalonda."

"Ndugu, acha."

"Sema vile nilisema. Ama nitamuonyesha kwa mikono, kama bubu."

Mama Nsimba aliuliza mwenzangu anasema nini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuku na kapu na mkaa, na kwamba kwanza nilikuwa nimetafsiri uongo. Nilikuwa natazama miguu yake.

Aliomba kuona mayai. Akachukua la msalaba, akachukua la mwezi, akauliza nani alitufundisha. Nikajibu: mama zetu.

"Na kuku walitoka?"

"Wengine walitoka, mama."

Akaanza kucheka, kicheko kidogo, kama kikohozi. Alisema amekuwa akiona mchanga umechimbuliwa kila asubuhi, na wiki tatu nzima alikuwa na uhakika kwamba sisi wawili tunayala mayai kwa siri. Alikuja siku ile tayari kutuambia hivyo mbele ya Tata Mavungu. Kama tungemwambia yamekufa tu, angejua ameibiwa. "Lakini hili," alisema, akinyanyua yai lenye mwezi, "hili mtu hawezi kulitunga. Mwongo anatunga uongo wenye akili."

Alitupa kiota kingine, cha mwisho cha msimu. Sharti lilikuwa kwamba mimi na Ramazani tusivuke uzio, na kila tukisimama karibu na mayai, mikono iwe nyuma ya mgongo. Alikuja kila siku na kigoda chake, na sasa hakulinda mayai dhidi ya kaa wala mbwa. Aliyalinda dhidi yetu sisi. Watoto wa kijiji walijifunza kutupita njiani wakiwa wameweka mikono nyuma.

Mayai yalianguliwa alasiri moja ya mvua, mbingu ikiwa nyeusi. Mchanga ulitikisika kama chungu kinachoanza kuchemka, kisha wakatoka, wadogo kama kifuniko cha chupa ya mafuta, kila mmoja akijua njia. Mama Nsimba alikuwa amekuja na wanawake sita. Mmoja wa wale watoto alianguka kwenye alama ya mguu wa mtu, chali, anapiga hewa. Sisi tulisimama mikono nyuma, Ramazani ameinama kumtazama. Mama akamtazama Ramazani.

"Huyo," alisema, "mgeuze."

Ramazani akamgeuza, kwa vidole viwili, na mtoto akaenda majini pamoja na wenzake. Msimu uliofuata wanawake wale ndio waliokuja kutuita kila walipoona alama za kasa mchangani. Mimi nilistaafu wakiwa bado wanaita.

Baadaye kila tulipokuja likizo, Ramazani aliwaeleza watu wake kwamba Kalonda ndiye aliyemwambia mama ukweli. Nilimlaumu. Alinijibu daima kwa maneno yale yale: "Mdomo ulikuwa wa nani?" Nilicheka, na sikumkatalia mbele ya watu. Kwanza kwa sababu alikuwa anafurahi. Baadaye kwa sababu sifa inazoeleka, kama chai yenye sukari nyingi.

Arobaini imepita. Nilikwenda, safari hii barabara ilikuwa kavu. Baada ya dua na kabla ya chakula niliomba kusimama. Kaye nilikuwa nayo mkononi, lakini sikuisoma, herufi zilikuwa zinacheza. Niliwaambia watu wa Wamaza kwamba siku ile ufukweni Ramazani ndiye aliyesema ukweli, kwamba mimi nilitafsiri uongo kwanza, na kwamba alinishika mkono hapa, juu ya kiwiko, mpaka nikasema. Na kwamba siku ya matanga waliniuliza, nami nikanywa chai.

Mjane wake, Mama Zuhura, alisema kutoka upande wa wanawake: "Shemeji, mume wangu alinieleza mara nyingi. Alisema ni weye uliongea."

"Alidanganya," nilisema.

Lilikuwa neno baya la kumsema marehemu nyumbani kwake, na nililisikia likianguka. Kisha mwanamke mmoja akacheka, na mwingine, na Mama Zuhura mwenyewe akafunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani ilikuwa vyote.

Alipofunua uso aliwaita wajukuu waliokuwa wanacheza nyuma ya jiko, akawaketisha mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, akawafuta pua.

"Rudilia, shemeji," alisema. "Polepole. Hawa hawakusikia."

Nikakaa chini karibu nao, nikaanza tena.